Namna ya kununua ili pesa imfikie aliyefanya kazi

Natunza hesabu za watu wadogo. Nina fundi cherehani, mfinyanzi, mwanamuziki anayejirekodi nyumbani, mwandishi anayejichapishia vitabu, mama mwenye duka la vifaa vya kuandikia, na kijana anayetengeneza michezo ya kompyuta peke yake. Kila mwisho wa mwezi mimi ndiye ninayeona kilichoingia, kilichokatwa na kilichobaki. Kwa hiyo mtu akiniuliza awaunge mkono vipi watu kama hawa wakati yeye mwenyewe hana pesa ya ziada, simwambii aongeze matumizi. Pesa anayotumia tayari inatosha. Ninachomwomba aangalie ni pesa hiyo imepita wapi kabla ya kumfikia mwenye kazi, na imefika lini.

Njia na wakati: haya mawili ndiyo yanayoamua kama mteja wangu atalipa kodi ya chumba cha kazi tarehe moja au ataanza kukopa. Nitaeleza jinsi ya kuyashughulikia yote mawili, nikikaa zaidi pale ninapoona pesa nyingi ikipotea.

Anza na unachonunua tayari

Fungua taarifa ya akaunti yako ya mwezi uliopita, ya benki au ya simu. Pita mstari kwa mstari. Tafuta vitu vinavyojirudia ambavyo mtu mdogo anaweza kuvitengeneza au kuviuza: sabuni, daftari, kitabu, muziki, zawadi za siku ya kuzaliwa, nguo ya kupunguza, kiatu cha kushona, kunyoa, kuchapisha nyaraka. Chagua kimoja, ukihamishie kwa mtu mdogo, na ukiache huko.

Nasema kimoja kwa makusudi. Nimewaona watu wanaoamua siku moja kubadilisha kila kitu, wananunua kwa fujo wiki mbili, kisha wanachoka na kurudi walikokuwa. Kwa mwenye duka, mteja wa namna hiyo hana tofauti na mgeni aliyepita njia. Anayemfaa ni yule anayenunua kidogo na kurudi. Yule mama wa vifaa vya kuandikia ana wateja wachache wanaochukua kalamu na madaftari kila mwezi, na kwa sababu yao anajua aagize kiasi gani kwa muuzaji wa jumla, anajua ataweza kulipa lini, na muuzaji huyo sasa anampa bei nzuri zaidi kuliko zamani. Hao wateja hawana habari kwamba wamefanya hivyo.

Kuna utafiti ambao hutajwa sana katika mambo haya. Mwaka 2002 kampuni ya Civic Economics ilichunguza biashara katika jiji la Austin, Texas, ikalinganisha duka la vitabu la BookPeople na duka la muziki la Waterloo Records, yote mawili ya wenyeji, na tawi la kampuni kubwa ya maduka ya vitabu ya Borders. Kwa kila dola 100 alizotumia mteja, maduka ya wenyeji yaliacha takriban dola 45 zikizunguka katika uchumi wa jiji lile, na Borders takriban dola 13. Hayo ni maduka machache ya jiji moja, na siwezi kukuahidi kwamba kwako hesabu itakuwa ileile. Lakini sababu zilizotolewa naziona kwenye vitabu ninavyovitunza. Duka dogo linamlipa fundi umeme wa jirani, linachapisha mabango kwa mchapaji wa mtaa wa pili, linaweka faida yake pale pale, na linanilipa mimi. Kampuni kubwa ina wahasibu wake makao makuu.

Kikombe kimoja, njia tatu

Hapa ndipo nataka uwe makini kuliko sehemu nyingine yoyote, kwa sababu mnunuzi haoni kitu. Bei anayolipa ni ileile na kikombe ni kilekile.

Mfinyanzi wangu anauza vikombe vya udongo. Tuseme bei ya kikombe ni mia, ya pesa yoyote unayotumia wewe. Ukifika kwenye meza yake ya maonyesho ukampa taslimu, mia yote imeingia mfukoni mwake. Kutoka humo atatoa udongo, rangi ya kung'arisha, umeme wa tanuri na vikombe vilivyopasuka motoni, lakini ameanza na mia.

Sasa nunua kikombe hichohicho kwenye duka lake la Etsy, soko la mtandaoni la vitu vya mikono. Tangu Aprili 2022 Etsy inakata asilimia 6.5 ya mauzo. Kabla ya hapo ilikuwa 5, na kupanda kwake kulifanya wauzaji wengi wafunge maduka yao kwa siku kadhaa mwezi huohuo kama mgomo. Asilimia hiyo inakatwa pia kwenye pesa ya usafirishaji aliyomtoza mteja, pesa ambayo yeye anaipeleka posta na haibaki nayo. Kuna ada ya kuorodhesha bidhaa, na kuna makato ya kupokea malipo yanayotofautiana nchi kwa nchi.

Njia ya tatu ndiyo inayoniuma. Umemsikia mfinyanzi huyu, umependa kazi yake, ukaandika jina la duka lake kwenye mtandao wa kutafutia, na juu kabisa likatokea tangazo lenye picha ya kikombe. Ukabofya. Tangazo hilo limewekwa na Etsy nje ya tovuti yake, na mtu akilibofya kisha akanunua ndani ya siku 30, muuzaji anakatwa asilimia 15 nyingine. Kwa wale ambao mauzo yao ya mwaka yamefika dola 10,000 inakuwa 12, ila hao hawaruhusiwi kujitoa kwenye matangazo hayo. Kwa hiyo katika mia yako, 21.5 imeondoka kabla ya makato ya malipo, kabla ya udongo, kabla ya sanduku la kusafirishia. Na wewe hukuhitaji tangazo lile hata kidogo. Ulikuwa unamtafuta yeye kwa jina.

Cha kufanya ni chepesi. Ukishamjua muuzaji kwa jina, usipitie kwenye matangazo. Fungua ukurasa wake binafsi, ule wa Instagram au wa barua pepe anazotuma, ubofye kiungo alichokiweka mwenyewe. Etsy ina mpango unaomrudishia muuzaji asilimia 4 kwa mauzo yaliyokuja kupitia kiungo chake, ikiwa amejiunga nao. Kama ana tovuti yake mwenyewe, anwani yake iandike moja kwa moja juu ya kivinjari. Tabia hii ina faida hata nje ya Etsy, kwa sababu wenye maduka wanaotangaza Google hulipia kila kubofya, uwe umenunua au umechungulia tu.

Kuna jambo moja nalisisitiza. Ukimkuta muuzaji kwenye soko la mtandaoni, usimwandikie humo umwambie "tutoke nje tumalizane ili wasikukate." Masoko hayo yanakataza, na anayefungiwa duka ni yeye. Nunua humo mara ya kwanza kwa adabu. Akikutumia mzigo, mara nyingi ndani ya sanduku utakuta kadi yenye anwani ya tovuti yake. Oda ya pili ipeleke huko.

Migahawa inayopokea oda kupitia programu za simu iko kwenye hali ileile, tena mbaya zaidi, kwa kuwa makato ya programu hizo yanaweza kufika asilimia 30 ya oda. Mwaka 2020, wakati wa janga la korona, jiji la New York liliweka kikomo cha asilimia 15 kwa ada ya kupeleka, maana migahawa midogo ilikuwa inazama. Mgahawa unaoupenda utakuwa na namba ya simu. Piga, agiza, nenda kachukue mwenyewe ukitoka kazini.

Na kabla ya kulipa popote pale, uliza swali hili: "Kwako njia gani ya malipo ina nafuu?" Wauzaji wengi hawathubutu kukuomba ubadilishe namna ya kulipa, wanaona ni kukusumbua. Ukiwauliza wewe, wanakujibu mara moja. Kadi nyingi hukata asilimia fulani pamoja na kiasi maalumu kisichobadilika, na hicho kiasi maalumu ndicho kinachomaliza mauzo madogo. Kwa mteja anayenunua kalamu tatu leo, tatu wiki ijayo na tatu wiki nyingine, naona makato matatu kwenye daftari. Angechukua tisa kwa mara moja, makato maalumu yangekuwa moja.

Muziki, vitabu, michezo

Kusikiliza wimbo kwenye mtandao kunamsaidia mwanamuziki kujulikana, na sikatai hilo. Kwenye hesabu lakini ni hadithi nyingine. Tangu mwaka 2024, wimbo ambao haujasikilizwa angalau mara 1,000 katika miezi 12 haumwingizii mwenye nao mrabaha wa rekodi kwenye Spotify. Mwanamuziki wangu ana nyimbo kadhaa zilizo chini ya kiwango hicho, nyimbo nzuri tu, ambazo kwenye daftari langu zina sifuri.

Kwa hiyo sikiliza unavyotaka, halafu albamu unayoirudia rudia inunue. Bandcamp, tovuti ambako wanamuziki huuza kazi zao wenyewe, inachukua asilimia 15 ya muziki wa kupakua na asilimia 10 ya vitu kama fulana na santuri, ukiacha makato ya malipo. Tangu Machi 20, 2020 imekuwa na Ijumaa zake maalumu ambazo haichukui sehemu yake kabisa. Tarehe hutangazwa mapema. Mimi nawashauri watu waweke orodha ya albamu wanazozitaka, Ijumaa hiyo ikifika wanunue zote kwa pamoja. Mwanamuziki anaiona siku hiyo waziwazi: siku moja inafanya kazi ya miezi. Pia sehemu ya kuandika bei huruhusu kuongeza juu ya bei iliyowekwa, na wanaoongeza ni wengi kuliko unavyofikiri.

Kwenye onyesho la jukwaani, nunua kitu mezani. Baadhi ya kumbi hukata sehemu ya mauzo ya fulana na santuri, hivyo unaweza kumuuliza mwanamuziki kama ni bora ununue pale au kwenye tovuti yake. Hataona ni utovu wa adabu.

Vitabu vina mambo mawili makubwa. La kwanza ni kuagiza kabla ya kutoka. Mchapishaji anaangalia oda za awali anapoamua achapishe nakala ngapi, na duka linaziangalia linapoamua liweke ngapi rafuni. Kitabu ambacho wasomaji walisema "tutakinunua kikitoka" kinaweza kutoka kimyakimya kikiwa na nakala chache, na kikishaondolewa rafuni hakirudi. Agiza kupitia duka dogo la vitabu lililo karibu nawe hata kama hawana kitabu hicho. Kuagiza kitabu kimoja kwa ajili ya mteja ni kazi yao ya kila siku. Kwa mwandishi anayejichapishia, muulize anauza wapi mwenyewe. Nakala anayokuuzia mkononi kwa kawaida humwachia zaidi kuliko inayopitia duka kubwa la mtandaoni.

La pili ni maktaba. Huna pesa kabisa mwezi huu? Nenda maktaba uombe kitabu hicho kinunuliwe. Maktaba nyingi zina fomu ya maombi na maombi yanasomwa. Nakala inalipiwa, wasomaji wengine wanaikuta, na katika nchi zenye utaratibu wa kuwalipa waandishi kwa kuazimwa, mwandishi anaendelea kupata kitu. Denmark ilianza mwaka 1946, Uingereza ikatunga sheria yake mwaka 1979, na leo utaratibu huo uko katika nchi zaidi ya 30. Uliza kama nchi yako imo.

Michezo ya kompyuta nitaieleza kwa ufupi. Steam, duka kubwa la mtandaoni la michezo ya kompyuta, inakata asilimia 30 kwa mtengenezaji mdogo. Tangu mwishoni mwa 2018 makato yanashuka hadi 25 kwa mapato yanayozidi dola milioni 10, na hadi 20 yanayozidi milioni 50, maana yake asilimia kubwa zaidi hulipwa na mdogo. Kwenye itch.io, tovuti nyingine ya kuuzia michezo, mtengenezaji mwenyewe ndiye anayepanga tovuti ichukue kiasi gani, na kiasi kilichowekwa tangu mwanzo ni asilimia 10. Mchezo ukiwa sehemu zote mbili, nunua itch.io. Ukiwa Steam peke yake, uweke kwenye orodha ya matamanio hata kabla haujatoka, maana orodha hizo zinasaidia uonekane. Na tafadhali, mchezo mfupi ulioumaliza na kuufurahia usiurudishe. Kanuni ya Steam inaruhusu kurudishiwa pesa ndani ya siku 14 kama umecheza chini ya saa mbili, na mchezo wa saa moja na nusu unaweza kuchezwa mpaka mwisho kisha ukarudishwa. Kijana wangu ameyaona hayo: mtu ameandika sifa, na siku hiyohiyo amechukua pesa yake.

Arubuni

Nikiulizwa jambo moja ambalo mteja wa kawaida anaweza kulifanya kesho na likaonekana kwenye vitabu, nitasema: toa arubuni, yaani malipo ya kutangulia, bila kuombwa, na maliza deni siku unayochukua kazi.

Nieleze kwa fundi cherehani. Mtu anakuja na picha ya gauni. Wanapimana, wanakubaliana bei, na anasema "we shona tu, nikija nitakulipa." Fundi anatoa pesa yake kununua kitambaa, bitana, zipu, uzi na vifungo. Anatumia siku zake mbili tatu. Gauni linaning'inia ukutani. Mteja anachelewa wiki, kisha mwezi. Kwenye vitabu vyangu gauni lile ni matumizi yasiyo na mapato, na kwa kuwa limeshonwa kwa vipimo vya mtu mmoja, haliwezi kuuzwa kwa mwingine bila kulifumua. Wakati huohuo amekuja mteja mwenye pesa mkononi, na fundi hana mtaji wa kitambaa chake. Nimeona mwezi ambao fundi alikuwa na kazi nyingi kuliko kawaida na akaishia na deni, kwa sababu hii tu.

Arubuni ya nusu ya bei inageuza hali nzima. Kitambaa kinanunuliwa kwa pesa yako, na fundi anaweza kukataa kazi za kubahatisha. Mwulize: "Nikuachie kiasi gani cha kuanzia?" Ukiona anasitasita, taja nusu. Mkubaliane kwa maandishi, hata ujumbe mfupi wa simu unatosha: kitu gani, bei gani, arubuni kiasi gani, kitakuwa tayari lini, na marekebisho mangapi yamo ndani ya bei. Hilo la marekebisho lizungumzwe mapema hasa kwa wachoraji na wasanifu wa picha, kwa sababu ndipo wanapopoteza muda mwingi usiolipwa. Wewe nawe unalindwa, maana una tarehe na una maandishi.

Kama unanunua kwa niaba ya ofisi, shule au kamati ya sherehe, una nguvu kubwa zaidi ya mnunuzi mmoja mmoja. Taasisi zina desturi ya kupokea ankara na kuilipa baada ya siku 30, 60 au zaidi. Umoja wa Ulaya ulilazimika kutunga maelekezo ya kisheria mwaka 2011 kuhusu ucheleweshaji huu. Kampuni kubwa inasubiri siku 60 bila kujua kama inasubiri. Mtu anayefanya kazi peke yake anakula kwa mkopo siku hizo zote. Mwombe mhasibu wenu aziweke ankara za watu wadogo juu ya rundo. Utashangaa mara nyingi kinachochelewesha ni saini moja, na saini hiyo inapatikana ukienda nayo mlangoni.

Jambo jingine linalohusu wakati ni mali kauli. Maduka mengi ya zawadi yanapokea kazi za wasanii bila kulipa. Kitu kikiuzwa ndipo msanii anapata sehemu yake, na kisipouzwa anarudishiwa, wakati mwingine kikiwa kimechubuka. Si wizi, ni makubaliano, na msanii anayeanza mara nyingi hana njia nyingine ya kuingia dukani. Ila ukiona duka linalonunua kazi za wasanii na kulipa papo hapo, lipende hilo duka. Muulize tu mwenye duka, watu wa namna hiyo husema kwa fahari.

Bei, maoni, na kuthibitisha

Kuomba punguzo ni haki yako kwenye biashara inayopangwa kwa mabishano ya bei. Kwa kitu kilichotengenezwa kwa mkono na kuwekewa bei, niamini mimi ninayeona hesabu: punguzo la asilimia 20 mara nyingi ndiyo faida yote. Kama bei imekuzidi, omba kitu kidogo zaidi, au uliza kama kuna vilivyo na kasoro. Mfinyanzi wangu ana rafu nzima ya vikombe vilivyopinda kidogo anavyoviuza kwa bei ya chini kwa furaha, kwa sababu vinginevyo angevivunja.

Maoni yaandike siku ileile, ukitaja kitu chenyewe. "Huduma nzuri" haimsaidii mtu. "Nilileta koti lililochanika begani, limerudi siku mbili baadaye na siuoni mshono" linamwambia mteja mwingine jambo, na linakuja juu mtu akitafuta fundi wa makoti. Weka picha. Kama una malalamiko, mwandikie mwenyewe kwanza na umpe nafasi ya kurekebisha, kabla ya kuweka nyota moja. Biashara yenye maoni tisa inashuka vibaya kwa nyota moja, yenye elfu tisa haisikii. Vivyo hivyo usikimbilie benki kudai kadi irudishe pesa. Kila dai la namna hiyo mara nyingi lina ada inayomwangukia muuzaji, wakati mwingine hata akishinda.

Wapo wanaojiita wadogo na si wadogo. Duka linasema "tunatengeneza kwa mkono", na kumbe linanunua bidhaa za kiwandani na kubandika hadithi. Chukua picha ya bidhaa, itafute kwa picha mtandaoni. Ikitokea kwenye maduka ishirini yenye majina tofauti, umepata jibu. Mtengenezaji wa kweli kwa kawaida ana picha za meza yake ya kazi, vitu vilivyoharibika, vitu vinavyokaribiana lakini havilingani kabisa. Mwulize swali la kazi: udongo gani, uzi gani, umechapa wapi. Atakujibu zaidi ya ulivyouliza. Angalia pia kama mchoro ulio kwenye fulana ni wa mchoraji mwingine. Ukiuona umeibwa, mjulishe mchoraji mwenyewe kwa kumtumia kiungo. Yeye ndiye mwenye haki ya kudai uondolewe.

Michango ya kila mwezi

Nimeiacha mwisho kwa kuwa wengi huanza nayo, na mimi naona ifuate baada ya hayo mengine. Lakini kwa mtu anayetoa kazi bure kila wiki, awe mchora katuni, mtangazaji wa podikasti au mwandishi wa jarida la barua pepe, mchango wa kila mwezi ndiyo mshahara wake. Patreon ilianzishwa mwaka 2013 kwa ajili hiyo. Substack, inayotumiwa na waandishi wa majarida ya barua pepe, inachukua asilimia 10 ya kile wanacholipa wasomaji. Kwenye YouTube, mtengenezaji anapata asilimia 55 ya mapato ya matangazo ya video za kawaida, na asilimia 70 ya uanachama wa kulipia, kwa hiyo mwanachama mmoja anayelipa ana uzito wa watazamaji wengi sana.

Jiunge kwa kivinjari, usijiunge ndani ya programu ya simu. Tangu Novemba 2024, uanachama mpya wa Patreon unaonunuliwa ndani ya programu ya iPhone unaweza kubeba makato ya Apple ya asilimia 30. Mtengenezaji ama anakuongezea bei ama anayameza mwenyewe. Kwenye kivinjari makato hayo hayapo. Ni dakika mbili za kuingiza nywila upya.

Ukiweza, lipa kwa mwaka. Makato maalumu ya malipo yanakuwa moja badala ya 12, na mtu anapata pesa ya kununua kipaza sauti au kamera kwa mara moja. Usipoweza, changia watu wachache zaidi kwa kiasi kikubwa kidogo: kumpa mmoja tano kunamwachia zaidi kuliko kuwapa watano moja moja kunavyowaachia wote kwa jumla, kwa sababu ya makato hayohayo.

Na pesa ikikauka, jitoe bila aibu. Fanya hivyo siku chache kabla ya tarehe ya kukatwa, uangalie tarehe hiyo kwenye ukurasa wa malipo, kwa sababu mifumo mingine hukata tarehe moja na mingine hukata siku uliyojiunga. Mifumo mingi itakuuliza sababu. Jaza, hata kwa maneno mawili: "Mapato yamepungua." Mwenye kazi anayasoma majibu yale, na bila jibu anabaki akidhani ni kile alichokitoa mwezi huo. Baki kwenye orodha yake ya bure ya barua pepe, maana hiyo haikugharimu kitu, na siku atakapotoa kitabu au kufungua oda utapata habari kutoka kwake mwenyewe, pamoja na kiungo chake.